Gwaride la Ijumaa na Beleshi la Musyoka

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori. Ilining'inia kwa waya kwenye tawi la mgunga, na kiranja wa zamu aliigonga kwa kipande cha nondo mpaka mlio ukavuka mto na kufika ng'ambo, ambako wenzetu waliochelewa walianza kutimua mbio. Hata leo, chuma kikigonga chuma, pua yangu hukumbuka kabla ya sikio: vumbi la asubuhi, mafuta yaliyopakwa kwa ubahili magotini, moshi wa kuni kutoka jikoni ambako mahindi na maharagwe yalikuwa tayari motoni, na ule unyevu mdogo wa majerikeni tuliyoyapanga kando ya ukuta. Wakati wa kiangazi kila mwanafunzi alikuja na jerikeni yake ndogo ya maji, la sivyo chakula cha mchana kisingepikwa. Shule ilikuwa kando ya mto, mwendo mfupi kutoka soko la Matiliku. Nasema mto, na mgeni angeuona angecheka, kwa sababu miezi mingi ya mwaka ulikuwa njia pana ya mchanga mweupe isiyo na tone juu yake. Maji yalikaa chini. Aliyeyataka alipiga magoti, akachimba kwa bakuli na viganja, kisha akasubiri yapande taratibu, safi na baridi. Mchanga ndio uliotutunzia maji. Hilo hatukufundishwa na mwalimu yeyote. Mtoto wa kwetu hulijua kabla hajajua kuhesabu.

Gwaride lenyewe, kwa miaka yangu ya kwanza pale, lilikuwa mahali pa kukaripiwa. Tulisimama mistari kwa mistari, wadogo mbele, wakubwa nyuma, bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukaimbwa na sauti zisizokubaliana, kisha mwalimu wa zamu akapita akikagua kucha. Waliochelewa walipiga magoti kwenye kokoto. Mwalimu mkuu, mzee mwenye koti la kahawia ambalo halikuogopa jua, alifunga kila hotuba kwa methali ileile: samaki mkunje angali mbichi. Sisi, ambao samaki tulimjua kwa picha ya kitabuni, tuliitikia kwa heshima. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali, ugonjwa ambao chuo kikuu hakikuutibu bali kiliuongeza, na jioni moja nilimwuliza mama kwa nini samaki akunjwe, amekosa nini. Mama alinitazama, akaniambia mbuzi wanaingia shambani kwa watu. Nikaenda kuwafukuza mbuzi. Na kwa gwaride lote lile sikumbuki siku niliyorudi nyumbani nikiwa mtu mwema zaidi. Nilirudi nikiwa na kucha fupi.

Ndipo akaja Madam Nduku. Nilikuwa darasa la saba. Alitoka Machakos mjini, kijana, mnene kiasi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka darasa la pili, na alikuwa ameokoka kwa namna ya watu wanaoimba wakifua nguo. Wiki ya kwanza alisimama nyuma ya gwaride akitutazama visogo vyetu. Wiki ya pili alimwomba mwalimu mkuu ampe Ijumaa. Sijui alimshawishi vipi mzee yule, ila alipewa. Akatwambia kwamba tangu siku hiyo hakuna atakayehubiriwa tabia njema siku ya Ijumaa. Tutaiona kwa macho. Kila darasa litapewa jambo moja, heshima, uvumilivu, ushirikiano, na kulionyesha mbele ya wengine kwa wimbo, shairi au mchezo. Na hotuba, alisema akimtazama mwalimu mkuu kwa tabasamu, zitakuwa fupi.

Sitaki kumdhulumu Madam Nduku kwa yale nitakayosimulia, kwa hiyo acha niseme hili mapema: Ijumaa zake zilikuwa nzuri. Darasa la nne walipopewa ushirikiano hawakusema neno. Walisimama mduara mkubwa wakapitishiana karai lililojaa maji pomoni, mkono kwa mkono, kuzunguka uwanja mzima. Shule nzima ilibana pumzi kila karai lilipoyumba. Katika kiangazi kile, ambapo kila tone lilikuwa na miguu ya mtu nyuma yake, tuliyatazama maji yale kama watu wanaotazama mtoto mchanga akibebwa na wageni. Karai liliporudi kwa wa kwanza likiwa bado limejaa, tulipiga kelele hadi mpishi akatoka jikoni na mwiko. Wasichana wawili wa darasa hilo, waliokuwa hawasemezani tangu muhula uliopita, siku hiyo walionekana wakienda nyumbani pamoja. Niliwaona mwenyewe. Sikuwahi kuona kokoto zikifanya hivyo.

Lakini kiangazi kile hakikuwa cha kawaida. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuja siku chache, zikatudanganya tukapanda, kisha zikaondoka bila kuaga. Mahindi yalifika magotini yakakunjamana. Mbaazi peke yake ndiyo iliyojikaza. Wanaume walianza kutafuta kazi iliyokuwepo, na iliyokuwepo ilikuwa moja: malori ya mchanga. Chifu alikuwa amepiga mbiu kwamba mchanga usitolewe mtoni bila kibali, na kwa sababu hiyo malori yalikuja alfajiri na kuondoka kabla jua halijakaa sawa. Vijana na wababa wa kijiji waliteremka na mabeleshi yao wakayajaza. Kila asubuhi tulipovuka kwenda shule tulikuta mashimo mapya, na kila wiki mama zetu walichimba kina kirefu zaidi kabla ya kuyafikia maji. Kila mtu alijua mambo haya mawili yanahusiana. Hakuna aliyeyasema kwa pumzi moja. Mwenye njaa hana miiko, walisema wazee, nao walisema hivyo wakiangalia pembeni.

Mmoja wa wapakiaji hao alikuwa Musyoka, baba yake Ndinda. Ndinda alikuwa rafiki yangu, tuliketi dawati moja. Musyoka alikuwa mtu mrefu, mwenye utani wa chinichini, ambaye beleshi lake lilijulikana kama mbwa wa mtu anavyojulikana: mpini ulikuwa umevunjika zamani, naye akaufunga kwa ngozi ya mbuzi yenye manyoya meupe ambayo hakuyanyoa. Alikuwa akimwita bintiye "mwaitu," yaani mama. Si kwa kumbembeleza. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na kwa jina hilo baba humheshimu kana kwamba aliyemzaa amerudi nyumbani akiwa mdogo. Mama yake Musyoka aliitwa Ndinda. Basi Ndinda wetu, aliyekuwa bado anang'oa magego ya utotoni, alipokataa uji, baba yake alisema kwa unyenyekevu kamili, "Mwaitu, usipokula nitalaumiwa mimi." Nasi tulicheka, tukijua pia kwamba si mzaha wote.

Zamu ya darasa la saba ilipofika, tulipewa uadilifu, na Madam Nduku akaandika mchezo kwa mkono wake. Ulihusu mto. Mto wenyewe ulikuwa mtu, umevaa shuka jeupe, unasimulia jinsi ulivyolisha watu tangu zama za mababu. Anakuja mpakiaji mwenye tamaa anauchimba mpaka unakauka. Punda wanakuja na majerikeni wanakosa maji. Mwishoni mto, ukiwa unakufa, unamgeukia mpakiaji na kumlaani: "Wewe unayenichimba, mkono wako ukauke kama nilivyokauka mimi." Kisha unamwaga chini maji ya mwisho yaliyo kwenye kibuyu na kuanguka. Ilikuwa kazi nzuri, hata leo nasema hivyo. Kyalo, kijana mwenye mabega na mdomo, akapewa mpakiaji. Mimi nikapewa punda, na darasa zima likafurahi. "Mbithe, masikio umekuja nayo ama utaazima ya shule?" Kyalo aliuliza. Ndinda, kwa sababu ya sauti yake iliyotua kila ilipotumwa, akapewa mto.

Alisema mistari yote vizuri isipokuwa ule mmoja. Kila tukifika kwenye laana aliimeza nusu, au akakohoa, au akasema amesahau, yeye ambaye hakuwahi kusahau kitu. Madam Nduku alimbakiza baada ya mazoezi, nami nikabaki kwa sababu tulirudi nyumbani pamoja.

"Madam, siwezi kusema hayo maneno," Ndinda alisema. "Baba anapakia mchanga."

"Ndinda, mimi sijamtaja baba ya mtu. Huyu ni mpakiaji tu, wa mchezo."

"Lakini mimi ni mama yake."

Madam Nduku alicheka kidogo, kisha akaona hatucheki. Alikuwa Mkamba kama sisi, alijua majina yanavyorithiwa. Nyumbani kwao naye huenda aliitwa mama na baba yake. Na alijua, kama ajuavyo kila mtu wa kwetu, kwamba mtoto akimtukana mzazi ni utovu wa adabu, lakini neno baya la mama kwa mwanawe halianguki chini. Linakwenda kukaa mahali. Alifikiri. Kisha akainama akamshika Ndinda mabega. "Sisi tumeokoka, mpenzi. Laana za kimila hazina nguvu juu yetu. Na ukweli unahitaji mtu jasiri wa kuusema. Nimekuchagua wewe kwa sababu wewe ni jasiri."

Njiani nilijitia mwerevu. Nilimwambia Ndinda kwamba mkono haukauki kwa maneno, mkono hukauka kwa ugonjwa, na kama maneno yangekuwa na nguvu hiyo, mwalimu mkuu angekuwa ametukausha sote zamani. Alitembea mpaka tukafika katikati ya mto, palipo na mashimo. Akasimama.

"Haya," akasema. "Basi wewe sema ya baba yako. Hapa tu, hakuna mtu. Sema mkono wake ukauke."

Nilifungua kinywa. Upepo ulikuwa ukivuta mchanga mwembamba juu ya mchanga mwingine. Baba yangu alikuwa Mtito Andei wakati huo, akipakua mizigo ya malori, na nilimwona kabisa, mkono wake umeinuliwa kushika kona ya gunia. Nikafunga kinywa.

"Unaona?" Ndinda akasema, akaendelea kutembea.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile kuhusu lugha na imani, na nimejifunza majina makubwa ya kuita kile kilichonifunga mdomo. Hakuna jina lililonisaidia kuufungua.

Ijumaa yetu wazazi walialikwa. Ndinda alimwomba baba yake asije. Alimwambia ni mambo ya watoto tu, atachoka bure. Musyoka hakusikia katika hilo ila jambo moja, kwamba bintiye amepewa sehemu kubwa kuliko wote. Akaja, ameoga, amevaa shati jeupe la kwenda kanisani na kofia, akaketi kwenye madawati yaliyotolewa nje na kupangwa kivulini, katikati ya wazazi wengine. Nilimwona Ndinda akimwona. Alikuwa tayari amefungwa shuka, amekumbatia kibuyu kwa mikono miwili.

Hata hivyo mambo yangeweza kupita. Katika mazoezi yote Kyalo alikuwa akitumia fimbo kama beleshi, na fimbo ni fimbo, haina mwenyewe. Lakini asubuhi ile Kyalo aliona fimbo haitoshi mbele ya wazazi. Akapita nyumba iliyo karibu na njia, akamkuta mama yake Ndinda akianua nguo, akamwambia shule inahitaji beleshi. Mama yule, akidhani ni choo kinachimbwa, alimpa kwa moyo mweupe na kumwambia asiliharibu. Kwa hiyo mpakiaji mwenye tamaa alipotokea nyuma ya darasa jipya, akitembea kwa madaha na mashavu ameyajaza hewa, begani alikuwa na beleshi lenye ngozi ya mbuzi yenye manyoya meupe.

Wazazi walilitambua kabla sisi hatujalitambua. Kicheko kilianza upande wa wanaume, na mmoja akasema kwa sauti, "Musyoka! Kumbe beleshi lako limeanza masomo!" Mwingine akajibu, "Litampita mwenyewe." Musyoka naye akacheka, akavuta kofia mbele. Kyalo, kwa kuona anapendwa, akazidisha madaha. Alichimba, akajipangusa jasho lisilokuwepo, akaita lori kwa mluzi. Sisi punda tukaingia na majerikeni matupu, tukanusa huku na huko. Nilikuwa nimeambiwa nilie mara moja tu, kwa huzuni. Nililia vizuri, nadhani, kwa sababu akina mama walitikisa vichwa. Kisha ikawa zamu ya mto.

Ndinda alimgeukia Kyalo. Kyalo alisimama na beleshi la Musyoka mkononi, na nyuma ya bega la Kyalo, kwenye mstari uleule wa macho, alikuwa ameketi Musyoka mwenyewe. Ndinda alifungua kinywa.

Hakuna sauti iliyotoka. Mwanzoni watu walidhani ni mchezo. Kisha Madam Nduku, aliyejificha nyuma ya mlango, akamnong'oneza: "Wewe unayenichimba..." Akarudia kwa nguvu kidogo, na kwa bahati mbaya akamalizia sentensi yote, kwa hiyo uwanja mzima ukasikia ni neno gani lililokuwa likisubiriwa na litasemwa na nani kwa nani. Kicheko kilikatika kama uzi. Ajuza mmoja upande wa wanawake alisema "Aiyaa!" akaziba mdomo kwa ncha ya leso. Bendera ilikuwa ikipigapiga mlingoti. Na Musyoka akavua kofia yake, akaiweka gotini, akasema kwa upole, kama anayemsihi ale uji:

"Sema, mwaitu. Sema vile umefundishwa."

Nadhani alitaka kumsaidia. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na bado nadhani alitaka kumwondolea mzigo: mtoto amepewa kazi shuleni, aimalize, baba atabeba yatakayokuja. Lakini kwa kumwita mwaitu mbele ya watu, alikuwa amelifanya neno lile liwe zito kuliko beleshi lilivyolifanya. Sasa hapakuwa na mpakiaji wa mchezo tena. Alikuwepo mwana, amevua kofia, anasubiri mamaye aseme.

Ndinda aliinua kibuyu mdomoni. Alipiga funda kubwa, mashavu yakajaa. Kisha akatembea. Alimpita Kyalo, akatupita sisi punda, shuka likiburuta vumbi, akafika kwenye madawati na kusimama mbele ya baba yake. Musyoka alinyosha mikono bila kuambiwa, viganja juu. Naye akamtemea maji yale viganjani, mepesi, pfuu, pfuu, vile nyanya zetu walivyotutemea vifuani tulipokuwa tukienda safari au mtihani, kwa kutubariki. Maji yakateleza kati ya vidole vya mpakiaji yakadondoka chini, na ardhi ikayanywa kabla hayajatulia. Ndipo akasema, kwa ile sauti yake iliyofika kila mahali, maneno mawili ambayo hayakuwa kwenye mchezo wa Madam Nduku wala mchezo wowote.

"Niachie kidogo."

Akarudi mahali pake, akasimama wima. Hakuanguka kama alivyotakiwa. Hakuna aliyejua kama tumemaliza. Mwalimu mkuu alisimama, akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, samaki hakutajwa. Alisema tu tuingie madarasani kwa mstari. Musyoka alimwendea Kyalo akachukua beleshi lake kutoka mikononi mwake, bila hasira, akalitwika begani na kuondoka kwa njia ya mtoni akiwa na shati lake la kanisa. Madam Nduku alimwambia Ndinda, mlangoni, "Umebadilisha mchezo wangu." Sikuweza kujua kama ni lawama. Sidhani yeye mwenyewe alijua.

Ijumaa iliyofuata hapakuwa na mchezo. Madam Nduku alisimama mbele peke yake, bila karatasi. Alituuliza: Ijumaa iliyopita, nani kati yetu alikuwa mwadilifu? Tulidhani ni mtego. Nami swali langu lilikuwa limeniwasha wiki nzima, nikanyosha mkono. Niliuliza mchanga uliojenga darasa jipya, lile ambalo mpakiaji mwenye tamaa alitokea nyuma yake, ulitoka wapi. Mwalimu mkuu alikohoa. Viranja waligeuka kunitazama. Ningeweza kuambiwa nipige magoti kwenye kokoto na hakuna ambaye angeshangaa. Madam Nduku alilitazama darasa lile kwa muda, kuta zake nzuri, plasta laini.

"Ulitoka mtoni," alisema. "Na walioupakia ni wazazi wenu."

Katika magwaride yote niliyosimama, kama mwanafunzi na baadaye kama mwalimu, hilo ndilo somo la uadilifu ninalolikumbuka, na lilichukua muda mfupi kuliko kukagua kucha.

Watu hupenda niwaambie kwamba Musyoka aliacha kupakia mchanga. Hakuacha. Wiki ileile alikuwa mtoni, kwa sababu baraka haipikwi. Ila kuna kona moja ya mto, chini ya shule, ambako mama zetu na sisi tulichota, na kona hiyo hakuigusa tena. Lori lilipoegeshwa hapo alienda kukaa chini ng'ambo mpaka lihamishwe. Je, wenzake walimfuata? Wawili watatu. Wengine walimcheka. Siwezi kuthibitisha kwamba ni maneno ya Ndinda yaliyofanya hivyo. Labda mchanga wa pale ulikuwa umeisha utamu, labda aliona aibu tu. Mkono wake haukukauka. Niliushika mwaka jana, mgumu kama zamani. Mto ndio umekauka: kona ile bado ina maji kidogo, kwingineko mashimo yamefika mwambani.

Sasa mimi ni mwalimu, katika shule iliyo nje kidogo ya Mtito Andei, ambako usiku kucha malori ya Mombasa hunguruma na asubuhi wanafunzi huja wakisinzia. Kengele yetu ni ya umeme. Maadili yamebandikwa ukutani kwenye chumba cha walimu kwa rangi tofauti, na naibu wa mwalimu mkuu amenipa mimi magwaride ya Ijumaa muhula huu, kwa kuwa, asema, "wewe ni kijana, utawachangamsha." Uadilifu uko wiki hii. Watoto wa gredi ya sita wameshabuni mchezo wao: dereva wa lori anayetoa kitu kidogo njiani ili apite na mzigo uliozidi, na mwishoni msichana anasimama na kumwita mwizi mbele ya watu wote. Walicheka sana walipokuwa wakiubuni. Msichana waliyemchagua, kwa sababu ya sauti yake, ni Hamdi. Baba yake Hamdi husafirisha mbuzi kutoka kaskazini kwa lori lake mwenyewe. Nilimwuliza kama atakuja. "Amesema lazima aje, mwalimu," Hamdi alijibu, akiangalia viatu vyake.

Nilimpigia simu Ndinda. Siku hizi anauza dawa za mifugo katika soko la Kwa Vonza, ana watoto wawili, na wa kwanza, kijana, anaitwa kwa jina la baba mkwe wake, kwa hiyo hujui nani anamwamrisha nani nyumba ile. Nilimwuliza swali ambalo sikuwahi kumwuliza miaka yote hii: alipoinua kile kibuyu alikuwa akiwaza nini. Nilikuwa na nadharia zangu. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio.

"Mbithe, bado unauliza tu? Nilikuwa na kiu. Koo lilikuwa limekauka kwa woga. Nilitaka kumeza." Kisha nikasikia mteja akiuliza bei ya dawa ya kupe. "Halafu nikamwona baba, ananyosha mikono. Sikumeza."

Nimeketi na mchezo wa watoto mbele yangu. Nilifikiri kuufuta wote, kisha nikakumbuka kokoto na kucha, nikaona kufuta ni kurudi huko. Nilifikiri kumpa mtoto mwingine sehemu ya Hamdi. Lakini kila mtoto hapa ni wa dereva fulani, au wa mama anayempikia dereva, na lori halimpiti mtu mji huu. Madam Nduku alikosea wapi? Ukweli wake ulikuwa ukweli. Nadhani alikosea kwa kuuandika hadi mwisho, akampa mtoto aubebe ukiwa tayari umefungwa. Kwa hiyo nimeita gredi ya sita na kuwaambia tutafanya mchezo wao wote, dereva, mzigo, na mkono unaopokea. Pale msichana anapomgeukia dereva, nimefuta neno lililokuwepo na sikuandika lingine. Hamdi aliniuliza atasema nini. Nilimwambia sijui, na kwamba akikosa la kusema tutasubiri naye, shule nzima, hata ikichukua muda.

Kesho ni Ijumaa. Nimemwomba mpishi aniwekee kikombe cha maji mezani, karibu na mahali atakaposimama Hamdi, huenda akawa na kiu.